Kuuhama Mradi Wako: Mwongozo Kamili wa Kuaga Kazi ya Ubunifu Iliyokubana

Kwa miaka sita nilichora hadithi ya katuni kuhusu mpelelezi mzee mwenye mwavuli. Kurasa nane kila mwezi, wino mweusi, bila kukosa. Mwaka wa saba mambo yakaanza kubadilika taratibu. Nikikaa mezani, mkono unachora lakini akili iko kwenye udongo. Ndiyo, udongo: kwa nini mwingine hushika maji na mwingine huyapitisha, minyoo hufanya kazi gani humo, mizizi hujuaje pa kwenda. Daftari langu la michoro likajaa mizizi mahali pa nyuso za watu. Nilikaa miezi 14 bila kumwambia mtu. Sehemu mpya zikaanza kuchelewa, kisha zikawa mbovu, kisha zikakatika. Wasomaji waliachwa kwenye ukurasa ambao mzee amesimama mbele ya mlango, mwavuli mkononi, na mlango haujafunguliwa.

Kuacha halikuwa kosa. Kosa lilikuwa namna nilivyoacha: nilitoka usiku kama mpangaji anayedaiwa kodi, nusu ya vyombo nikaviacha ndani. Yanayofuata ni maelekezo ya kuhama mchana. Yanamfaa mwandishi wa riwaya, mpiga muziki, mtengeneza michezo ya kompyuta, mpiga picha, yeyote ambaye kazi aliyoianza kwa mapenzi sasa inambana kama shati la utotoni.

Yupo aliyefanya hivyo vizuri. Bill Watterson, mchora katuni wa Marekani, alianza mfululizo wa Calvin and Hobbes Novemba 1985. Mwaka 1995, ukiwa bado unapendwa mno, aliwaandikia wahariri wa magazeti kwamba mambo yanayomvutia yamebadilika, na kwamba amekwisha kufanya alichoweza ndani ya masharti ya kuchora kila siku katika visanduku vidogo. Katuni ya mwisho ilitoka tarehe 31 Desemba mwaka huohuo. Taarifa ilitangulia, tarehe ikajulikana, mwisho ukachorwa. Kazi yote iliyo hapa chini ni ya kukufikisha kwenye mambo hayo matatu.

Hatua ya kwanza: umechoka, umekwama, au umehama?

Usiruke hatua hii hata kama una uhakika. Hali hizi tatu zinafanana sana kwa nje: zote humfanya mtu afungue faili, aitazame, aifunge, akaoshe vyombo. Dawa zake ni tofauti kabisa.

Aliyechoka hana hamu ya chochote. Mpe mradi mpya kabisa, atauangalia kwa macho yaleyale. Huyu anahitaji kulala na kupunguziwa kazi, na hapaswi kufanya uamuzi wowote mkubwa wiki hii. Aliyekwama hamu anayo, ila kuna kitu kimoja kinachomzuia: sura ya tisa haiungani na ya kumi, sauti ya ngoma inameza sauti ya mwimbaji, mhusika fulani hana sababu ya kuwemo. Ukimbana kwa maswali atakuonyesha kwa kidole mahali penyewe. Huyu anahitaji msaada wa mtu anayejua kazi. Aliyehama hamu anayo tele, tena inamwamsha alfajiri, lakini inaelekea kwingine. Ukimuuliza tatizo la mradi liko wapi, hana pa kukuonyesha. Kila kitu kiko sawa. Hakimvuti tu.

Ili kujua wewe ni yupi, jipe likizo ya majuma manne. Iwe likizo kweli: weka tarehe ya kuanza na ya kumaliza, waambie wanaokutegemea kwamba kazi imesimama kwa muda, na usiuguse mradi hata kwa "kurekebisha kidogo tu". Kila jioni andika mstari mmoja ukijibu swali hili: leo mkono wangu ulikwenda wapi bila kutumwa? Ulisoma nini, ulitazama nini, ulichora nini pembeni ya karatasi, ulimsimulia nani kuhusu nini. Usichambue. Andika tu.

Siku ya 28 soma mistari yote kwa mkupuo, kisha ujibu maswali matatu kwa maandishi.

La kwanza naliita swali la zawadi. Ungeamka kesho ukute mradi wako umekamilika vizuri kwa mkono wa mtu mwingine, ungejisikiaje? Ukihuzunika kwamba umenyang'anywa kazi, bado unaipenda kazi yenyewe, na huenda umekwama tu. Ukipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo, umekwisha kuhama.

La pili: je, bado unatafuta kazi za wengine za aina hiyohiyo? Mwandishi wa mashairi ambaye hajafungua diwani ya mtu mwaka mzima, na wala hajaona kama amekosa kitu, ameshatoka mjini humo zamani.

La tatu: kama usingekuwa umeanza, ungeanza leo, kwa unayoyajua leo?

Kuna mtego mmoja. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Jambo jipya huonekana jepesi kwa sababu bado hujafika katikati yake, na katikati ya kila kazi ni pabaya. Kwa hiyo kabla hujauhukumu mradi wa zamani, lipe hilo jipya kazi yake chafu kuliko zote. Unataka kuacha riwaya ushike gitaa? Fanya saa 10 za mazoezi ya vidole, yaleyale, bila wimbo. Unataka kuacha muziki utengeneze filamu? Kaa saa 10 ukipanga na kuandika majina ya vipande vya picha. Mimi nilibeba ndoo, nikachuja udongo kwa matundu madogo, nikapima kila fungu, nikaandika tarakimu. Mgongo uliuma, na kesho yake nikarudi. Hapo nilijua haikuwa tamaa ya pembeni.

Hatua ya pili: fungua saa uone gurudumu lipi limesimama

Mtu husema "nimeuchoka mradi" kana kwamba mradi ni kitu kimoja. Sivyo. Kata karatasi sehemu sita: mada, umbo, zana, ukubwa, hadhira, na watu unaofanya nao kazi. Mbele ya kila moja andika neno moja kati ya haya: inanivuta, sijali, inanichosha.

Mara nyingi utakuta kilichokufa ni kimoja au viwili. Euphrase Kezilahabi alianza na riwaya za uhalisia zinazosimulia maisha ya watu kwa mtiririko unaoeleweka. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971. Alipofika Nagona, mwaka 1990, na Mzingile, mwaka 1991, umbo lilikuwa limevunjwavunjwa: vitabu vyembamba, vya mafumbo, ambamo msomaji anatafuta njia mwenyewe. Lugha ilikuwa ileile ya Kiswahili, na uandishi wa riwaya hakuuacha. Alichohama ni umbo. Ngũgĩ wa Thiong'o naye hakuacha riwaya wala siasa zake alipoacha kuandika riwaya kwa Kiingereza. Alichobadili ni lugha, na kwa hiyo hadhira. Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya yake ya kwanza kwa Kigĩkũyũ, aliiandika kizuizini kwenye karatasi za chooni, ikatoka mwaka 1980. Rossini, mtunzi wa muziki wa Italia, aliandika opera 39, ya mwisho ikaonyeshwa mwaka 1829 akiwa na miaka 37, halafu hakuandika nyingine mpaka kufa kwake mwaka 1868. Hata hivyo uzeeni alitunga vipande vidogo vingi vya kinanda na sauti, vikipigwa nyumbani kwake mbele ya wageni. Muziki ulikuwa haujamtoka.

Katika karatasi yangu, zana zilinivuta bado: kalamu, wino, karatasi nzito. Mada sikuijali. Umbo, yaani visanduku na viputo vya maneno, lilinichosha kufa. Ningeifanya karatasi hii mapema, ningejua kwamba siachi kuchora, na ningepunguza usiku kadhaa wa kujiona msaliti.

Hatua ya tatu: hesabu yaliyo mbele tu

Hii ni fupi, kwa sababu kila mtu anaijua na karibu kila mtu haifuati. Mwaka 1985 watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha jaribio la tiketi za msimu za maonyesho ya jukwaani. Wanunuzi wengine walilipa bei kamili, wengine walipunguziwa kwa bahati nasibu. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi. Maonyesho ni yaleyale na viti ni vilevile. Kilichowasukuma ni fedha ambayo ilikwisha kutoka mfukoni na isingerudi hata wangeenda mara 100. Miaka yako sita ni tiketi kama hiyo.

Basi chukua kumbukumbu zako za miezi mitatu iliyopita, uone ulifanya kiasi gani kwa kweli, si ulichokusudia. Mimi nilikuta kurasa tano kwa mwezi. Ili kumaliza hadithi kama nilivyoipanga zilibaki kurasa 96. Gawanya: miezi 19 na zaidi. Swali halikuwa tena "nitupe miaka sita?" bali "nitoe miezi 19 mingine kwa kitu ambacho sikijali?" Swali la pili lilijibika kwa dakika moja.

Hatua ya nne: chagua mlango wa kutokea

Milango iko mitano. Sikuipanga kwa usawa, maana haitumiki kwa usawa.

*Kufupisha.* Huu ndio ninaoupendekeza kwa wengi, na ndio wanaoudharau, kwa sababu wanadhani kumaliza ni kumaliza kile kikubwa walichokiota. Riwaya ya sura 40 inaweza kuwa hadithi ndefu ya sura 12. Albamu inaweza kuwa nyimbo nne. Mchezo wa kompyuta wenye ngazi 30 unaweza kuwa na ngazi sita zinazochezeka vizuri. Namna ya kufanya: orodhesha kila ahadi ambayo kazi yako imempa msomaji au msikilizaji. Nani aliiba? Watakutana tena? Ule wimbo wa mwanzo utarudi? Kisha chagua ahadi moja ambayo isipotimizwa kazi yote inadondoka. Timiza hiyo. Nyingine ziachie hewani, au uzifute huko nyuma. Jiwekee miezi mitatu kuwa kikomo, na sheria moja isiyovunjwa: hakuna kuongeza mhusika, mahali, ala wala wazo jipya.

Kama bado hujafika kwenye uchovu, ila unahisi unakuja, kuna hila nzuri ya Agatha Christie. Mpelelezi wake, Hercule Poirot, alitokea kitabuni mara ya kwanza mwaka 1920, na Christie mwenyewe alimchoka mapema kuliko wasomaji. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliandika riwaya ya mwisho ya mpelelezi huyo, akaiweka chini ya kufuli. Ilitoka mwaka 1975, zaidi ya miaka 30 baadaye. Andika mwisho ungali na mapenzi nao. Ukihama siku yoyote, mlango wa kutokea umeshajengwa.

*Kuugeuza mradi ukufuate.* Unafaa pale tu karatasi yako ya hatua ya pili inaposema kwamba sehemu nne au tano bado ziko hai. Vinginevyo unaishia kufanya nilivyofanya mimi: katika sehemu tatu nzima yule mpelelezi mzee aliacha uhalifu akawa anawahubiria watu kuhusu udongo wa mfinyanzi. Wasomaji walivumilia kwa adabu. Kama jambo lako jipya linaweza kusimama bila mgongo wa kazi ya zamani, liache lisimame.

*Kuulaza.* Kulaza si kutelekeza. Tofauti yake ni vitu viwili: tarehe na maandishi. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik aliripoti mwaka 1927 kwamba watu hukumbuka zaidi kazi zilizokatizwa kuliko zilizokamilika, na kila mwenye mswada kabatini anajua kero hiyo ya kitu kinachomwita usiku. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba mtu akiandika mpango mahususi wa namna na wakati wa kulishughulikia jambo, mawazo yake yanayomwingilia hupungua ingawa jambo lenyewe bado halijafanywa. Basi andika: "Nitaufungua tena tarehe fulani, nitausoma kwa saa mbili, nitaamua." Tarehe isizidi mwaka mmoja. Ukiiahirisha mara mbili, usidanganyane na nafsi yako. Nenda mlango wa tano.

*Kukabidhi.* Guido van Rossum alianzisha lugha ya programu ya Python, na toleo la kwanza likatoka kwa umma mwaka 1991. Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya badiliko moja, alitangaza kwamba anaachia uongozi, na kwamba hatamteua mrithi; watunza lugha wajipangie utaratibu wenyewe. Walijadili miezi kadhaa, na mapema mwaka 2019 wakachagua baraza la watu watano. Ilifanikiwa kwa sababu kulikuwa na watu ambao walikuwa wakifanya kazi hiyo siku zote. Nawe usimtafute mrithi kati ya wanaokusifu. Mtafute kati ya wanaokusahihisha makosa, wanaotuma marekebisho, wanaojua lilipo kila faili. Fanyeni kazi pamoja kwa msimu mmoja, wewe ukiwa msaidizi na yeye akiamua. Mkishakabidhiana, mpe pia uwezo wa kukukatalia wewe. Halafu nyamaza. Hili la kunyamaza ndilo gumu. Wapo waliokabidhi mradi mara nne kwa sababu kila mrithi alibadili kitu wakapiga kelele.

*Kufunga bila kumaliza.* Msanii Marcel Duchamp alifanya kazi kwenye kioo chake kikubwa, yaani picha aliyoitengeneza juu ya vioo, tangu mwaka 1915 hadi 1923, kisha akakitangaza kuwa kimebaki bila kukamilika, moja kwa moja. Baadaye kilivunjika safarini, akakiunganisha mwaka 1936 na nyufa akaziacha zionekane. Kipo katika jumba la makumbusho la sanaa la Philadelphia mpaka leo. Kazi isiyokwisha inaweza kuwekwa hadharani, mradi ibebe maneno yanayosema wazi kwamba hapa ndipo ilipoishia.

Lakini usifunge kwa hasira. Mwandishi Arthur Conan Doyle alitaka muda wa kuandika riwaya za kihistoria alizoziona kuwa kazi yake ya maana, basi Desemba 1893 akamtumbukiza mpelelezi wake, Sherlock Holmes, katika maporomoko ya maji huko Uswisi. Kufikia mwaka 1901 alikuwa amemrudisha katika hadithi ya matukio ya kabla ya kifo hicho, mwaka 1903 akamfufua kabisa, na akaendelea kumwandika mpaka mwaka 1927. Kama una chuki na mhusika wako, subiri chuki ipoe ndipo uandike kifo chake.

Hatua ya tano: lipa madeni ya watu

Mpangilio ni huu, na usiuchanganye: kwanza unaofanya nao kazi, pili waliolipa, tatu wanaofuatilia, mwisho kabisa ulimwengu. Hakuna kinachomuuma mtunzi mwenzako kama kusikia habari za mwisho wa kazi yenu kutoka kwa msomaji. Mwambie uso kwa uso, au kwa sauti. Usimwandikie.

Kama mlitunga pamoja, kaeni mgawane kwa maandishi: nani anabaki na jina, nani anaweza kuendelea na wahusika, mapato yakija yanagawanywaje. Soma upya mkataba wowote uliotia saini, hasa vifungu vya mwendelezo na vya kurejesha haki. Na ukitaka kuwaachia watu waitumie kazi yako, leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa Desemba 2002, zinatosha kwa wengi. Jua mambo mawili tu. Ukishaitoa kazi kwa leseni hiyo, huwezi kumnyang'anya haki aliyekwisha kuipokea. Na leseni za aina hii hutofautiana: ipo inayotaka utajwe tu, ipo inayokataza biashara, ipo inayokataza kubadili kazi. Kazi yenye watunzi wawili usiitolee leseni peke yako.

Tangazo lenyewe liwe fupi. Hili ndilo ningeliandika mimi, laiti ningeliandika:

"Sehemu ya 74 itakuwa ya mwisho. Itatoka tarehe 30 mwezi ujao. Kwa muda sasa moyo wangu umehamia kwenye kazi nyingine, na sitaki kuwapa kitu nisichokitilia moyo. Sehemu zote za nyuma zitabaki zilipo. Waliolipia sehemu zijazo watarudishiwa fedha zao kabla ya mwezi huu kwisha. Hamna haja ya kuomba. Asanteni kwa kusoma."

Angalia yasiyokuwemo. Hakuna kuomba radhi mara tatu. Hakuna "huenda siku moja nitarudi", maana maneno hayo huwafanya watu wakae mlangoni miaka. Hakuna kisingizio cha ugonjwa au shughuli nyingi. Watu huelewa mtu aliyebadilika kuliko tunavyodhani. Wasichokielewa ni ukimya.

Hatua ya sita: funga mizigo

Tenga siku mbili kamili. Watu huiona hatua hii kuwa ya karani, kumbe ndiyo inayoamua kama miaka yako itasomeka baada ya miaka 10.

Anza na kazi zilizokamilika, kisha faili za kazi zenyewe: nyimbo kabla hazijachanganywa, michoro yenye matabaka, miswada yenye masahihisho. Faili za programu maalumu hufunguka kwa programu hiyo tu, na programu hufa. Kwa hiyo ya kila kitu cha maana toa nakala nyingine katika umbo la kawaida: maneno katika maandishi matupu pamoja na PDF/A, aina ya PDF iliyotengenezwa kwa ajili ya uhifadhi; picha katika TIFF au PNG; sauti katika WAV au FLAC. Usihifadhi picha zako za asili katika JPEG pekee, maana kila ukiifungua, ukaibadili na kuihifadhi upya inapoteza kidogo.

Majina ya faili yaanze na mwaka, mwezi, kisha namba, ili kompyuta izipange yenyewe: 2019-03_sehemu-12_ukurasa-05. Jina kama "mwisho_kabisa_mpya2" ni tusi kwa mtu utakayekuwa kesho. Kisha fuata kanuni ya wapiga picha: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Karatasi na michoro halisi iwekwe mahali pakavu na penye giza, bapa, ikitenganishwa na karatasi zisizo na asidi. Gundi ya utepe wa plastiki usiiweke kabisa juu ya mchoro. Hugeuka rangi ya chai.

Rasimu je? Usichome wala kufuta chochote kwa miezi sita. Baada ya hapo bakiza zile zinazoonyesha uamuzi, pale ulipokuwa na njia mbili ukachagua moja. Nyingine hazimsaidii mtu.

Kisha andika barua ya kurasa mbili, uiweke juu kabisa ya folda. Iseme: hiki ni nini, kiliishia wapi, nilikusudia kiende wapi, nini kilinishinda, na kila kitu kiko wapi. Ataisoma mrithi, au wewe mwenyewe ukiwa umesahau. Sehemu ya "nini kilinishinda" iandike kwa uaminifu kuliko zote. Yangu ina sentensi hii: "Sikuwahi kujua nyuma ya mlango kuna nini."

Malizia na vitu vinavyokula fedha kimyakimya: malipo yanayojirudia ya programu, anwani za intaneti, hifadhi za mbali. Kata yasiyohitajika, na ya lazima yaandike mahali pamoja pamoja na maneno ya siri.

Majuma ya baada

Utajisikia mtupu hata kama umefanya kila kitu sawasawa. Saa ile uliyokuwa ukikaa mezani itafika na huna pa kukaa. Usiijaze papo hapo na mradi mkubwa mpya wenye jina, ratiba na tangazo. Utakuwa umejivisha shati lingine kabla hujapima mabega. Carsten Wrosch na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2003, waliona kwamba wanaoweza kuachilia lengo lisilofikika na kushika lengo jingine huwa na hali njema zaidi. Yote mawili: kuachilia na kushika. Kwa hiyo shika kitu, ila kidogo. Siku 30, nusu saa kwa siku, bila kumwonyesha mtu.

Na beba zana zako. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mpiga picha wa harusi aliyehamia kwenye ndege tayari anajua mwanga na anajua kusubiri. Mwandishi wa tamthilia aliyehamia kwenye programu za kompyuta anajua kwamba kila kitu kinachoingia jukwaani lazima kitoke. Andika ujuzi wako 10 uliotokana na mradi wa zamani, kisha uone vipi vitano vitatumika wiki hii. Mimi nilianza kuchora matabaka ya udongo kwa wino uleule.

Miaka miwili baada ya kutoroka nilirudi nikafanya kile nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilichagua mlango wa kufupisha: kurasa nne badala ya 96. Zilinichukua majuma matatu. Mzee anagonga, mlango unafunguliwa, anaingia, anakaa. Niliwatumia wasomaji wa zamani niliowapata. Wengi hawakujibu. Mmoja aliandika kuuliza mbona mwavuli umebaki nje mlangoni, kama una maana fulani. Nilikwenda kutazama ukurasa. Ni kweli umebaki nje. Nilikuwa nimeusahau.